Bowa ya Bamukwe

Tangu mwaka aliojifungua, hakuna mtu wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, aliyemwita Mado Chilufya kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Mama Princesse. Padri alimwita hivyo, muuza makala alimwita hivyo, na mumewe Floribert, fundi wa reli, alimwita hivyo mpaka pumzi yake ya mwisho. Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, Princesse. Wenye watoto saba walimhurumia. Yeye aliwahurumia wao kwa kelele.

Kazi ya mama na mwana ilikuwa kukausha vyakula. Zamani Mama Princesse alikausha kama mama yake alivyokausha kule Kasomeno: matembele na uyoga juu ya manjanja, mabati ya paa, jiwe kwenye kila pembe ya gunia, fimbo mkononi kwa ajili ya kuku. Lakini vumbi la Katuba halina adabu. Mteja akiloweka matembele yake, chini ya sufuria kulibaki udongo wa kutosha kupanda kitunguu. Ndipo siku moja Princesse akaingia uani na mashine aliyoinunua kwa mama mmoja aliyekuwa anahamia Ulaya: sanduku la trei sita, na feni kwa nyuma inayopuliza hewa ya moto polepole. Aliyeiuza aliiita séchoir, kikaushio. Mama yake aliizunguka mara mbili, akaigonga kwa kidole, akacheka.

"Hii kintu njo itashinda jua ya Mungu?"

"Jua ya Mungu haina feni, mama. Na haina mufuniko."

Basi wakaanza. Maembe yalikatwa vipande visivyozidi unene wa penseli. Ndizi zilichovywa kwanza kwenye maji ya ndimu zisigeuke nyeusi. Mchaichai, tangawizi, matembele, nanasi, kila kimoja kilikuwa na muda wake na joto lake, na yote hayo Princesse aliyaandika kwenye daftari la shule. Na umeme wa Katuba, nani asiyeujua? Unakuja ukitaka, unaondoka bila kuaga. Ulipokuja, binti yule aliruka hata kama tonge lilikuwa njiani kwenda mdomoni. Ulipoondoka, alifunika trei kwa kitambaa, akakaa kando yake na kuuchunga uyoga kama mtu anayechunga mgonjwa.

Wateja wao wengi walikuwa watu wenye ndugu ng'ambo, wanaotaka kutuma harufu ya nyumbani ndani ya valisi. Princesse hakumpa mtu mfuko bila kumpa na somo. Ya tamu unakula hivi hivi. Ya majani unaloweka. Lakini uyoga yeye aliuchemsha kidogo kwenye maji ya chumvi, yaani munyu, kabla ya kuukausha, usioze, kwa hiyo kila mteja, hata aliyenunua kwake miaka mitatu, alisindikizwa mpaka mlangoni kwa maneno yale yale: "Unailowesha mu mayi ya moto dakika makumi mbili, ile mayi unamwanga. Kisha unaonja. Onja kwanza, mama! Munyu nilishatia." Mama yake alikuwa anamwigiza kwa nyuma, mkono kiunoni, na wateja wakicheka Princesse alifikiri wanacheka na yeye.

Halafu akaja Ariel kumposa Princesse. Kijana mpole, mwalimu wa hesabu, wazazi wake asili yao Kasai ingawa yeye alizaliwa hapa hapa Lubumbashi. Watu wa Kasai na watu wa Katanga wana maneno yao ya zamani; tusiyafukue. Itoshe kusema kwamba mwezi wa kwanza, mama yake Ariel, Mama Cathy, muuza vitenge mwenye sauti ya soko, alipokuja kumtazama msichana, alikuja amekaza uso. Akaletewa bukari, ugali wa kwetu, na uyoga mbichi wa msimu, ule tunaouita bowa, uliopikwa kwa karanga. Alikula tonge la kwanza kwa heshima. La pili alilila kwa hamu. La tatu hakumngojea mtu.

"Siku ya dot nitakula hii tena," alisema, akipangusa bakuli kwa kidole.

Ariel akakohoa. Dot, siku ya kuleta mahari, ilipangwa mwezi wa saba, katikati ya kiangazi.

"Mwezi wa saba?" Mama Cathy akaangua kicheko. "Mwezi wa saba bowa itatoka wapi, binti? Utaizala weye mwenyewe?"

Nyumba nzima ilicheka. Princesse naye alicheka, lakini mama yake alimwona akinyoosha shingo, na alijua maana yake.

"Mama mukwe, mwezi wa saba utakula bowa pa nyumba hii. Na utaomba ingine."

Kesho yake alikwenda mwenyewe kwenye barabara ya Kasomeno, mahali wanawake wanapokaa kando ya lami na mabeseni yao asubuhi baada ya mvua. Alirudi na beseni zima juu ya mapaja, haruhusu hata kondakta aliguse. Alisafisha kila uyoga kwa kisu, akauchemsha, akaupanga kwenye trei. Umeme ukakatika mara mbili. Mama akamwambia aupandishe kwenye paa kama watu wengine. Akakataa katakata, eti mkwe wake hatakula mchanga. Siku ya tatu alichukua kipande, akakivunja karibu na sikio la mama yake, kikalia ta! "Unasikia? Ilishaiva." Akauacha upoe, akautia kwenye chupa kubwa iliyokuwa ya mayoneizi, na wiki nzima kila asubuhi alikuwa anaitikisa na kuiangalia kwenye mwanga, kwa sababu chupa ikitoa jasho ndani, kazi yote imepotea. Haikutoa jasho. Akaandika juu ya karatasi kwa kalamu nyekundu kwamba ni ya wakwe, akabandika: YA BAMUKWE. USIGUSE!

"Na miye siguse?" mama aliuliza.

"Weye zaidi."

Mwezi wa tano, siku ya Jumanne, Princesse alisema kichwa kinamuuma. Mama yake alikuwa na vichane vya ndizi vilivyoanza kuiva kupita kiasi, na umeme ulikuwa umerudi dakika ile ile. Akamwambia, "Inuka, mutoto, ndizi zitaoza." Princesse aliinuka. Alikata ndizi mpaka trei sita zikajaa. Kisha akakaa chini, palepale kwenye saruji, akasema tena kuwa kichwa kinamuuma, na safari hii mama yake alimgusa paji la uso. Malaria ilikuwa imekwisha kupanda kichwani. Madaktari walijitahidi, mashahidi wapo. Ijumaa, kabla ya saa sita mchana, Princesse wa watu alikuwa amekwenda. Miaka ishirini na sita.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wengine wote tunakisia tu. Mama Princesse hakupiga yowe. Alikuwa anasema neno moja peke yake, kila alipoulizwa kitu, hata akiulizwa kama anataka maji. Alisema, "Nilimuambia inuka."

Kilio kikapangwa. Kama ilivyo desturi, nyumba ilitolewa vitu vyote, viti, kabati, vitanda, wanawake wakatandika mikeka sebuleni, na mama mwenye msiba akaketishwa ukutani. Akishaketi pale, haendi jikoni, hapiki, haulizi moto umewaka au umezimika. Kabla hawajamwondolea chumba chake, alimshika mkono mdogo wake, Mutale, akamwambia neno la kwanza tofauti tangu Ijumaa.

"Ile chupa. Ile ya bamukwe. Ifiche."

Alitaka hicho tu. Picha za binti yake alikuwa nazo, nguo zake alikuwa nazo, na nguo hugawanywa. Lakini ndani ya chupa ile mlikuwa na kazi ya vidole vya Princesse, kipande kwa kipande, iliyofanywa kwa furaha, kwa ajili ya siku ambayo haitakuja. Aliamua haitafunguliwa na mtu. Itakaa kando ya kitanda chake mpaka siku watakapomlaza naye kwenye makaburi ya Sendwe au popote patakapokuwa na nafasi, na waitie humo humo kwenye sanduku lake. Mutale akaifunga kwa kitenge, akaiingiza ndani ya mashine ya kukaushia, nyuma ya trei, akafunga mlango. Nani atafungua séchoir kwenye kilio?

Banungwe ndio watafungua. Kwa asiyejua: kila ukoo wa watu wa upande ule una ukoo wa kutaniana nao, na hao ndio banungwe wake. Mama Princesse ni wa ukoo wa Mbuzi, na banungwe wa Mbuzi ni watu wa Chui, na chui na mbuzi mnajua mambo yao. Siku ya msiba, wenye kufiwa wanalia, banungwe wanafanya kazi. Wanapika, wanachota maji, wanapokea wageni, na katikati ya machozi wanatukana, wanaigiza, wanaiba kuku, wanadai kodi mlangoni. Hukasiriki. Ni haki yao. Bila wao watu wangekufa kwa kulia. Na sheria ya munungwe ni moja: haombi msamaha, na halii.

Mkubwa wao Katuba ile alikuwa Jeannot, mchomeleaji wa vyuma, tumbo mbele, mdomo mbele zaidi. Yeye ndiye aliyebeba mashine mpaka jikoni nje, akiwa amevaa aproni ya Princesse mwenyewe, watu wakicheka huku wanalia. Yeye ndiye aliyekuja kusimama mbele ya Mama Princesse siku ya pili na kumkemea: "Weye Mbuzi, lia vizuri! Uko nalia sawa redio ya betri zilizokufa. Batu ya Kasai banakuya kesho, utatupatisha haya!" Na kwa kweli, mdomo wa Mama Princesse ulitikisika upande mmoja. Hiyo ndiyo kazi ya munungwe, na Jeannot aliijua.

Siku iliyofuata mazishi, ukoo wa Ariel ulifika, watu kumi na tano. Ariel mwenyewe alikuwa kama nguo iliyotundikwa. Mama Cathy aliingia bila sauti yake ya soko, akavua viatu, akaketi mkekani bega kwa bega na Mama Princesse. Jikoni mambo yalikuwa mabaya: bukari tayari, lakini mboga imebaki sufuria moja, na wakwe hawalishwi bukari kavu. Jeannot akaanza kupekua. Akafungua mashine. Akakuta kitenge, ndani ya kitenge chupa, juu ya chupa maandishi mekundu.

Hebu jiwekeni mahali pake. Mtu wa Chui, siku ya kilio cha Mbuzi, anasoma USIGUSE! Kwa munungwe hilo si katazo, ni mwaliko. Na juu yake limeandikwa nini? YA BAMUKWE. Na bamukwe si hao wamekaa sebuleni?

"Banatufichia!" alipiga kelele, akiinyanyua chupa juu. "Mbuzi banaficha mboga ya bakwe, na bakwe bako na njala!"

Mutale alikuwa kisimani. Jeannot alimwaga chupa yote ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, akaongeza karanga, akaongeza mafuta, akaongeza konzi nzuri ya chumvi kama mama yake alivyomfundisha, akafunika. Hakuloweka, hakumwaga maji ya kwanza, hakuonja. Angejuaje? Yeye uyoga wake alizoea kuununua mbichi.

Harufu ilifika sebuleni kabla ya sahani. Mama Princesse aliinua kichwa. Alijiambia ni uyoga wa jirani, ndiyo, jirani anapika. Kisha akakumbuka kuwa ni mwezi wa tano mwishoni, mvua zimekwisha, na mtaa mzima hakuna mtu mwenye uyoga.

Sahani zikapita. Wakwe walitia mkono kwanza, kama inavyostahili. Baba yake Ariel alitafuna, akaacha kutafuna, akaomba maji. Mjomba akakohoa. Banungwe wakaangua kicheko mlangoni: "Chui iko napikia bakwe! Bameze bahari!" Kijana mmoja akapita na ndoo ya maji, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa nyumba ilikuwa na kicheko cha kweli. Mutale aliingia wakati huo, akaona kilichomo kwenye sahani, akashika kichwa kwa mikono miwili.

Jeannot akamletea Mama Princesse sahani yake mwenyewe, akapiga goti kwa mbwembwe. "Mbuzi, siku tatu hujakula. Kula, ao tutakula weye."

Mama Princesse alichukua tonge, akachovya, akatia mdomoni. Chumvi ilimpiga ulimi. Chumvi mara mbili. Alitafuna polepole, na chini ya ukali ule aliukuta ugumu fulani wa uyoga uliokaushwa vizuri, usio na mchanga hata chembe, na hakuhitaji kuambiwa na mtu.

"Hii bowa," alisema, "imetoka wapi?"

Kicheko kilikatika mlangoni kwa mpigo mmoja. Jeannot alikuwa bado na tabasamu, lakini alitazama uso wa Mama Princesse, akamtazama Mutale aliyeshika kichwa, na kitu kikaanza kumwingia. Alitoa chupa tupu mfukoni mwa aproni, akasoma tena maandishi yale mekundu, safari hii taratibu, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Ni Princesse njo aliandika?" aliuliza.

"Njo yeye," Mutale akasema. "Ilikuwa ya siku ya dot."

Mama Cathy alikuwa na tonge njiani. Aliliteremsha. "Ni ile ya mwezi wa saba?" aliuliza. "Aliifanya kweli? Miye nilikuwa nachezea tu. Mungu wangu, nilikuwa nachezea."

Hapo Jeannot, mkubwa wa Chui, aliyezika watu wa Mbuzi kumi na tisa bila kulowesha jicho, alipiga magoti, na safari hii hakukuwa na mbwembwe. "Pardon, Mama Princesse," alisema. "Pardon. Sikujua." Na akalia. Alilia vibaya, kwa sauti, ndani ya aproni ya yule msichana, tumbo lake kubwa likitetemeka.

Watu waliogopa, nawaambieni. Mwenye msiba akilia, munungwe yupo. Munungwe akilia, nani amebaki? Ndipo Ariel akaanguka kifudifudi mkekani. Ndipo akina mama wakapiga lile yowe ambalo Mama Princesse mwenyewe alikuwa hajalipiga. Nyumba nzima iliinama kama inazikwa upya, na hakukuwa na mtu mlangoni wa kuwatukana wanyamaze.

Mama Princesse aliitazama sahani. Maji yakimwagika hayazoleki, na chupa ilikuwa tupu. Angeweza kulia kwa ajili ya chupa. Lakini alimwona Mama Cathy na tonge lake lililorudi sahanini, na alikumbuka shingo ile iliyonyooka mwezi wa kwanza. Utakula bowa pa nyumba hii. Uyoga haukukaushwa ili ukae kwenye chupa.

"Mama mukwe," alisema. "Kula. Alikupikia weye."

Mama Cathy alikula. Machozi yalikuwa yanashuka mpaka kidevuni, chumvi juu ya chumvi, na hakuacha hata kipande. Mama Princesse naye alikula, tonge kwa tonge, bega kwa bega naye. Alipomaliza, alipangusa sahani kwa kidole. Kisha akamgeukia Jeannot aliyekuwa bado sakafuni, na kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuifanya kazi ile, aliifanya yeye.

"Weye Chui mujinga," alisema. "Ulipika sawa mulevi. Simama, acha kuchafua aproni ya mutoto. Sikiliza vizuri, maana sitarudilia. Bowa ya mashine unailowesha kwanza mu mayi ya moto. Dakika makumi mbili. Ile mayi unamwanga."

Mtu mmoja mlangoni alijaribu kucheka. Jeannot aliitikia kwa kichwa, akifuta pua.

Mama Princesse aliweka mkono kiunoni vile vile alivyokaa, kama alivyozoea kufanya nyuma ya mgongo wa binti yake mbele ya wateja. "Kisha unaonja," alisema. "Onja kwanza, mama. Munyu..."

Mkono ulibaki kiunoni. Mama Cathy alimshika.

"Munyu alishatia," Mama Princesse alisema. "Mutoto yangu alishatia." Na yowe likamtoka.